Niliwaombea Watu wa Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mtu mwingine yeyote, nimevaa leso niliyoifua mara mbili ili isionekane mpya. Kanisa letu la Ukunda wakati ule lilikuwa la mabati matupu, na kufikia saa tatu asubuhi joto lilikuwa limeshakaa ndani kama mtu aliyekuja kuwahi nafasi. Nilijua nimeandikwa kufagia. Nikauliza ufagio uko wapi. Mchungaji wa kwanza, Mtaita mrefu aliyezungumza taratibu kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili, akanitazama kuanzia miguuni.

"Ufagio uko nyuma ya mlango, Mama Mbeyu. Lakini sikukuita kufagia. Nimekuita uombe."

"Niombe nini, Mchungaji?"

"Haja za watu. Wao wana kazi ya hoteli. Wewe utakuwa na kazi yao."

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda mkacheka, maana siku hizi hakuna tena kazi kama hiyo. Waumini wetu wengi walikuwa watu wa bara walioshuka kutafuta riziki katika hoteli za Diani: wapishi, wafua nguo, watandika vitanda, askari wa lango. Jumapili, siku watu wengine wanapokwenda kanisani, ndiyo siku hoteli hujaa. Wao walikuwa kwenye zamu. Tuliwaita hivyo hivyo, watu wa zamu. Kanisa likaona lisiwaache bila maombi, likaniandika mimi niombe kwa niaba yao, kila siku isipokuwa Jumatatu, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu kule Kinango, nikatolewa nikachunge mbuzi. Sioni haya kulisema. Nimesomesha watoto watano na nina mjukuu, Sidi, anayesomea uuguzi, na kichwa chake hakikutoka kwa jirani. Ndiye aliyeniambia niandike. Nilimwambia mimi naandika kama ninavyozungumza, akasema basi ni hivyo hivyo.

Kwa kuwa kalamu yangu ilikuwa nzito, niliunda namna yangu ya kufanya kazi. Nyuma ya kanisa kulikuwa na chumba kidogo chenye benchi moja. Mtu alipita kabla ya zamu, akaketi, akasema linalomsumbua. Hiyo tuliita kuchukua haja. Mimi nilikuwa na kamba ya miyaa, yale majani ya mkoma tunayosukia mikeka, na kila haja niliifungia fundo. Fundo moja dogo lilikuwa ugonjwa. Mafundo mawili yaliyobanana yalikuwa ndoa. Kitanzi kilicho wazi kilikuwa mtu aliye safarini. Kulikuwa na fundo la kimya pia, la yule aliyeketi, akatazama sakafu, akaondoka bila kusema neno. Wako wengi wa aina hiyo. Mtu akija kuniambia jambo lake limekwisha, nilifungua fundo lake mbele yake.

Baadaye nilifumba macho na kupitisha kamba vidoleni. Saa zile sizisahau. Mabati yalikuwa yakialika kwa jua, na mimi sikuwa Ukunda tena. Niliingia nyumba za watu Kisii, Kitui, Bungoma, nikavuka mito nisiyoijua majina. Nilimjua ng'ombe wa mama wa mpishi fulani kwa rangi yake. Niliijua njia ya kwenda kwao Mutheu kule Ukambani, nyembamba, yenye mawe mekundu, na mlango wa bluu mwisho wake, nami maishani mwangu sijawahi kupita Mariakani.

Huyu Mutheu lazima nimtaje mapema. Alikuwa mfua nguo katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyopauka kwa dawa ya kung'arishia mashuka. Alikuja kwangu akiwa bado bibi harusi. Akaja akiwa na mimba. Nikafunga fundo, nikaomba vizuri, nawaambia ukweli, sikuzembea hata siku moja. Mimba ikatoka. Mwaka wa pili akaja tena. Nikaomba tena, hata magoti yakafanya sugu. Nayo ikatoka. Alikuja kuniambia mwenyewe, akanisalimu shikamoo kwa adabu kama siku zote, akasema, "Mama, lile fundo lifungue." Nililifungua mbele yake.

Mchungaji wa kwanza alipohamishwa, alikuja wa pili, mtu wa kifua kipana na sauti ya kujaza uwanja. Alipenda shughuli. Kwaya zikawa tatu, kila moja na sare zake, tukashindana na kanisa la jirani, tukanunua vipaza sauti vya kusikika hadi stendi. Kazi yangu aliipenda sana. "Mama Mbeyu, wewe ndiwe jenereta ya kanisa hili," aliniambia mbele ya wazee. "Hawa wengine wote ni taa." Nilitembea wiki nzima kichwa kikiwa juu. Jenereta si jambo dogo.

Ni yeye aliyenipeleka tawi la Msambweni, kisha Majoreni, ambako Wakristo walikuwa familia nne tu, nikae miezi kadhaa niwatie moyo. Kamba yangu ya Ukunda nilikwenda nayo, maana haja za watu hazilazwi. Huko Majoreni nilipanga chumba kwa Bi Mwanasha, mjane wa makamo aliyekuwa akikaanga mahamri na kufuga mbuzi watatu. Asubuhi moja nilianika kamba kwenye ua ikauke, maana ilikuwa imenyeshewa, nikaingia ndani kuchukua chai. Nilipotoka, mbuzi mweupe alikuwa akitafuna ncha ya mwisho.

Niliketi chini nikalia. Bi Mwanasha akatoka na mwiko mkononi.

"Walia nini, Mama Mbeyu?"

"Mbuzi wako amekula maombi ya watu."

"Maombi yakaa kwenye kamba?"

"Yangu ndiko yanakokaa."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Kazini. Diani."

Akanitazama, akaketi juu ya kinu, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Haya. Mie hapa nina magoti mabovu, wayajua, na mara tano kila siku nainama mwenyewe. Sijapata mtu alonifanyia. Nyie mwamwagiza mtu kama waniagizavyo mahamri?"

"Usicheke. Amekula kanisa zima."

"Basi ngoja hapo nyuma yake. Kesho asubuhi atalitoa."

Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu akaniletea mahamri ya moto, nami nikala. Lakini lile swali lake, na wenyewe wako wapi, halikuniacha. Kwa wiki tatu sikuwa na kamba. Mafundo niliyoyakumbuka kichwani yalikuwa machache, la Mutheu halikuwemo maana wakati ule hakuwa na haja, na kwa waliobaki nilisema tu, "Mungu, na wale walio ndani ya mbuzi." Niliporudi Ukunda, nikajiandaa kuaibika. Nikadhani watu watakuwa wameanguka kama maembe. Badala yake mpishi mmoja alinishika mikono miwili. "Asante mama, mwezi huu maombi yako tumeyaona." Huyo jina lake nilikuwa nimelisahau kabisa. Hakuna aliyegundua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nikasuka kamba mpya, nikarudi kwenye benchi.

Ndipo akaja Mchungaji wa tatu, mwanamke, mfupi, umri wa binti yangu wa pili. Hakuhubiri Jumapili mbili za kwanza. Alikuja chumbani kwangu akaketi mwisho wa benchi, akatazama watu wakiingia na kutoka. Siku ya nne, chumba kilipokuwa kitupu, akaniuliza, "Na wewe mama, unaomba lini?"

"Si ndiyo kazi yangu? Umeniona tangu asubuhi."

"Kazi yako nimeiona. Nimekuuliza wewe."

Kwa hasira nikajikuta nimemsimulia habari ya mbuzi, jambo ambalo hata mume wangu hakulijua. Nilitaka acheke, tuhame pale. Hakucheka.

"Na hakuna aliyeuliza," akasema.

"Hakuna."

Jumapili iliyofuata alisimama akasema maneno machache. Mashindano ya kwaya yasimame kwanza. Sare zisishonwe. Chumba cha nyuma kifungwe. Kila mtu ajifunze kuomba kwa kinywa chake, jikoni, kwenye zamu, kwa lugha yoyote aliyonyonya nayo. Na kila mmoja amtafute mtu mmoja asiyefikiwa na yeyote, aketi naye, asimpelekee karatasi wala nyimbo, aketi tu. "Tumekuwa na kanisa lenye shughuli," alisema, "na ndani yake watu hawajawahi kuzungumza na Mungu hata siku moja. Tumemkodisha mama mmoja."

Mzee mmoja wa kanisa akainua mkono. "Sasa huyu mama tutamweka wapi?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani mbuzi arudi anile mimi.

Baada ya ibada aliniita. "Utakuwa mtembelezi," alisema. "Utawafuata walipo. Utaketi nao. Hutawaombea."

"Nifanye nini basi?"

"Utawangoja waombe."

"Kungoja ni kazi, Mchungaji?"

"Ukiishaifanya utaniambia."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimefutwa kazi kwa Kiswahili kizuri. Miaka yote ile watu walisimama kwa heshima nikipita. Kama kila mtu atajiombea, Mbeyu ni nani? Mwanamke wa darasa la tatu mwenye magoti meusi. Hilo ndilo lililoniuma, msidhani ni jambo takatifu zaidi ya hapo.

Haikupita wiki mbili Mutheu akanijia. Alikuwa ameanzia kanisani, akatikisa kufuli, kisha akaja hadi uani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia kivulini."

Hakuingia. "Nina miezi minne. Nifungie fundo."

"Chumba kimefungwa, Mutheu."

"Na Mungu naye wamemfunga?"

"Mchungaji anasema mtu aombe mwenyewe."

"Mimi sijui kuomba. Mimi nafua, wewe unaomba. Kuna siku nilikuambia uje unifulie mashuka ya hoteli?"

"Nitakuja niketi nawe."

"Kuketi kutanisaidia nini?" Akaondoka. Hakuniaga, na yeye ni mtu wa kuaga.

Nitasema nililofanya. Nilimwombea kwa siri, siku tatu, nikifagia uwanja. Nilijiambia Mchungaji hana mtoto, hajui. Siku ya tatu nilikuwa nimeinama nikikusanya majani ya mwarobaini, midomo ikienda yenyewe kama ilivyozoea, nikajisikia ninachosema. Nilikuwa nikisema, "Mungu, usiniaibishe mara ya tatu." Nikasimama na ufagio wangu. Mtoto hakuwemo katika maneno yale. Mutheu hakuwemo. Nilikuwemo mimi na kazi yangu.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka majani yaliyokusanywa yalitawanywa na upepo, nami niliyaacha.

Jumatano nilikwenda hotelini, lango la nyuma la wafanyakazi. Askari alikuwa wa kanisa letu, akamwomba msimamizi wa dobi, na msimamizi akaona mimi ni bibi tu, nikaruhusiwa kuketi karibu na meza ya kukunjia. Sijawahi kuona mahali kama pale. Mvuke ulikuwa mweupe, mashuka meupe, kuta nyeupe, watu wanatokea ndani ya weupe ule na kupotelea humo humo, na mashine zinazunguka bila kukoma, mpaka ukisinzia kidogo hujui uko hai au umeshafika. Mutheu hakunisemesha. Niliketi mpaka saa nane, nikaenda zangu.

Nikaja Jumatano ya pili. Na ya tatu. Kijana mmoja wa Nairobi, mwendesha mashine, hakuwahi kukanyaga kanisa lolote, alianza kunitania, akiniita shosh, yaani bibi kwa lugha ya kwao. "Shosh amerudi. Shosh, hebu ombea hii mashine, imegoma tangu jana."

"Iombee mwenyewe, wewe ndiye unayeijua."

Wakacheka wote. Lakini akaja akaketi karibu yangu wakati wa chai, akaniambia yeye na mama yake hawajaongea miaka mitatu. Nilitaka sana kufumba macho nimwombee. Ulimi ulinisukuma meno. Badala yake nikamwuliza mama yake anapenda nini. Akafikiri. "Sijui," akasema. Juma lililofuata alikuwa amempigia simu kumuuliza. Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe. Katika chumba changu cha nyuma watu waliweka mzigo na kukimbilia zamu. Huku walibaki wameushika, na mimi niko kando, na mzigo ukaanza kuwafundisha jambo.

Mutheu bado. Tumbo likakua chini ya aproni. Juma la saba mwenzake wa kukunja hakuja kazini, na shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Nilisimama nikashika ncha mbili bila kuulizwa. Akanitazama, akavuta upande wake. Tukakunja. Mtu anakwenda mbele, mnakutana, anarudi nyuma, mnakutana tena, na shuka linapungua kati yenu.

Tulikuwa kama kwenye la kumi na kitu alipoanza kuzungumza. Macho yake yalikuwa wazi, kwenye shuka. Alizungumza Kikamba, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake habari za nyumbani, akisita, akiendelea, mara moja akipandisha sauti kama anayegomba. Mimi Kikamba sijui hata salamu. Nilidhani ananisimanga, nami nikaona ni haki yake, nikaendelea kukunja. Kisha katikati ya maneno yale nikasikia jina langu. Yakaenda mbele kidogo, nikalisikia tena.

Alipokwisha akapangusa uso kwa bega.

"Ulikuwa ukisema nini?" nikamwuliza.

"Sikuwa nikisema na wewe, mama."

Nilivuta ncha zangu. "Nimesikia jina langu."

"Ndiyo. Nimemwambia wale wawili uliwapoteza na wewe pia, na hakuna aliyekuja kukupa pole."

Shuka lilinianguka. Ikabidi lifuliwe upya, na msimamizi alisema alilosema. Sikumsikia. Miaka yote nilikuwa nimebeba majina ya watu mbele za Mungu, na sikuwa nimefikiri hata siku moja kama langu limewahi kufikishwa huko na yeyote. Lilifika siku ile, kwa lugha nisiyoijua, kati ya mashuka ya wageni.

Mtoto alizaliwa Msambweni, msichana, mdogo kama mkate wa kumimina, na sasa anakwenda chekechea na ni mkaidi. Kuna waliosema ni kwa sababu Mutheu aliomba mwenyewe. Mimi siwaungi mkono. Wale wawili wa kwanza hawakuombewa vibaya, niliwaombea mimi. Kwa nini huyu alikaa na wale hawakukaa, sijui, na Mchungaji wa tatu nilipomwuliza alisema naye hajui. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa mahubiri yake yote.

Kanisa nalo lilipungua kwanza. Waliopenda vipaza sauti walivifuata kwingine. Kwa muda tulikuwa wachache, na ibada ilikuwa na ukimya mrefu ambao wageni waliuona wa ajabu, mtu anasimama, anasema maneno manne kwa Kigiriama, anaketi. Kisha wakaanza kuja watu ambao hatukuwa nao kabla: yule kijana wa mashine, wauza madafu wawili, mwanamke wa kijiji cha Bodo aliyekuja kusikiliza tu na bado anasikiliza. Niliwatembelea hadi miguu ilipokataa. Majoreni nilipita mara ya mwisho kumwona Bi Mwanasha. Saa yake ya kuswali ilipofika aliniacha barazani akaingia ndani kuinama na magoti yake mabovu, nami nikabaki nje na yangu. Alipotoka akasema, "Leo umejifanyia mwenyewe?" Nikasema, "Nimejaribu." Akanimiminia chai.

Nilistaafu Mchungaji wa tatu akiwa anajiandaa kuhamishwa. Waliniandalia pilau na kunivisha leso mbili. Mzee yule yule aliuliza nani atashika nafasi yangu, na kila mtu akamtazama mwenzake. Hawakumpata, maana nafasi haikuwepo tena. Ningekuwa yule Mbeyu wa zamani ningelia. Nilikula pilau.

Vijana, mkiandikwa kazi ya kuwafanyia watu jambo ambalo wangeweza kulifanya, ifanyeni kwa jasho, lakini mwangalie mikono yao kama bado inakumbuka. Hilo ndilo ninalolijua baada ya kazi yote ile.

Siku hizi niko nyumbani. Saa ile ya asubuhi niliyokuwa nikianza kazi, mwili huamka wenyewe na kutafuta benchi. Naketi ukutani, jua likinipata miguuni. Ni vigumu kuliko kuwaombea wengine. Naanza, "Ni mimi, Mbeyu," halafu sijui niendelee vipi, nasikia kuku, nasikia Sidi akisoma mambo ya mifupa kwa sauti, na kabla sijafika popote usingizi unanichukua. Jana nililala hivyo nikamwota mume wangu, marehemu sasa, akipita mbele yangu na ndoo ya maji bila kuharakisha. Nilipoamka jua lilikuwa limefika magotini. Sikuanza upya. Nilimwambia Mungu habari za ile ndoo, ilivyokuwa imejaa, na kwamba haikumwagika hata tone, na kwamba nimemkumbuka aliyeibeba.